Lori Lililokunywa Oili

Damas Lugembe alikuwa dereva ambaye abiria walisinzia garini mwake. Katika Tabora ya miaka ile ya Mwingereza hiyo haikuwa sifa ndogo, maana barabara za jimbo zilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na madereva wengi walizipita kama watu wanaofukuzwa. Damas alianza kazi ya magari akiwa mpakiaji. Siku moja kwenye njia ya Itigi aliona injini ya lori la tajiri wake ikipasuka ubavu, dereva akiwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Kipande cha chuma kilichomoka, oili ya moto ikamwagika barabarani, nao wakalala porini wakisubiri kuokolewa. Tangu hapo hakuamini kelele ya injini. Alipokuja kupata lori lake mwenyewe, kuukuu lakini zima, aliliendesha kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani.

Kazi yake kubwa ilikuwa asali na nta. Aliifuata Sikonge na vijiji vya mbele yake, kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilipita palepale walipopita wapagazi wa misafara ya zamani ya kwenda kusini. Babu yake Damas alikuwa mmoja wao. Warina asali walishusha madebe yao kandokando ya barabara, Damas akayapakia na kuyaleta mjini kwa Selemani, mfanyabiashara aliyekuwa na ghala karibu na stesheni. Kutoka hapo mzigo ulipanda treni kwenda pwani.

Mwaka wa hamsini na tatu injini ya lori ilichoka kabisa. Ilikosa nguvu, ikanguruma bila kwenda, na asubuhi ilihitaji kusukumwa na wanaume wa mtaa mzima ndipo iwake. Damas akaipeleka kwa Yoramu.

Yoramu alikuwa fundi aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita, katika karakana ya magari kule Nairobi. Alikuwa mtu wa Sikonge, Mmoraviani, mpole wa maneno, na mikono yake ilikuwa misafi kuliko ya fundi yeyote mjini, kwa sababu aliinawa kila alipogusa kitu kipya. Aliifumua injini yote. Silinda alizipeleka zikachongwa upya, kisha akazisugua mwenyewe kwa msasa laini hadi ukaweza kujitazama ndani yake. Ringi za pistoni alizipata Urambo. Ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga kule ulikuwa umekufa, na watu walikuwa wakiuza spea zilizobaki, nyingine zikiwa bado kwenye karatasi zake za nta. Ringi hizo zilikuwa za mtindo mpya. Ya juu katika kila pistoni iling'aa nyeupe kama kijiko cha harusi.

"Hizi zitakufuata mpaka uzeeni," Yoramu alimwambia Damas siku ya kumkabidhi gari. "Ila mwanzoni nenda nalo polepole. Usilipakie sana, usilikimbize. Liache lizoee."

Kumwambia Damas aende polepole ilikuwa kama kumwambia samaki aogelee. Alikwenda polepole kuliko alivyowahi kwenda. Baiskeli zilimpita. Aliacha nusu ya madebe ya warina asali barabarani, akawaahidi kuyarudia.

Lori halikuzoea. Lilikuwa na nguvu, liliwaka kwa mpigo mmoja, lakini nyuma yake lilitoa moshi wa buluu uliokaa hewani muda mrefu baada ya gari kupita. Na lilikunywa oili. Damas alizoea kukagua oili kila asubuhi. Sasa ilimbidi akague kila aliposimama, na kila aliposimama ilikuwa imepungua. Alianza kubeba oili kwenye debe nyuma ya kiti, kama mama anavyobeba uji wa mtoto safarini. Vijijini gari likapewa jina la Kiko, kama kiko cha tumbaku. Wakilisikia linakuja, walisema, "Kiko hicho."

Alirudi kwa Yoramu. Fundi akaifungua injini kwa mara ya pili, akatoa pistoni moja moja, akamwonyesha Damas.

"Tazama. Pistoni moja ina ringi tatu. Hizi mbili za juu zinazuia moto usishuke. Hii ya chini inakwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda, inairudisha chini ilikotoka. Ukiiweka kichwa chini, itapandisha oili badala ya kuishusha. Lakini nimeiweka sawasawa. Kila ringi ina mkato wake, na mikato hiyo haijakaa mstari mmoja. Hakuna njia ya oili kupita."

"Lakini inapita," Damas alisema.

"Inapita," Yoramu alikubali.

Akarudishia kila kitu. Kiko kikaendelea kufuka.

Mji wa Tabora haukuwa mkubwa kiasi cha mambo kama hayo kukaa bila kusemwa. Kwenye baraza la duka la Selemani, ambapo madereva walikunywa kahawa wakisubiri mizigo, maneno yakaanza kuzunguka kwamba Yoramu amefunga ringi kuukuu na zile mpya amempa mtu mwingine. Aliyeyaanzisha hakujulikana. Damas aliyasikia, akanyamaza. Kisha siku moja, jua kali, lori limemzimikia sokoni kwa plagi zilizojaa oili, akaenda gereji na kuyasema.

"Fundi, watu wanasema ringi ulizoniwekea si zile za Urambo."

Yoramu alikuwa ameshika spana. Akaiweka chini, akafuta mikono.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui ringi. Najua oili yangu inakwisha."

"Uliziona kwa macho yako, bwana Damas. Ulizishika."

"Niliziona mezani. Sikuziona zikiingia."

Yoramu akaokota spana yake na kurudi chini ya gari alilokuwa akilitengeneza. Hakutokea tena mpaka Damas alipoondoka. Njiani kuelekea nyumbani Ipuli, Damas alijiambia kwamba mtu asiye na hatia angekasirika. Hata hivyo hakula vizuri usiku huo, na mkewe Flavia alipomuuliza alisema ni joto.

Halikuwa joto peke yake. Kesho yake homa ilimwangusha, homa ile ya kutetemesha meno, akalala chini ya mablanketi mchana kweupe. Na huo ulikuwa msimu wa asali. Madebe yalikuwa yamepangwa kandokando ya barabara ya Sikonge, warina wake wakiyalinda dhidi ya siafu, na Selemani alikuwa ameshaagiza behewa. Alituma mtu Ipuli kuuliza. Flavia akamjibu mtu huyo kwamba mzigo utafika.

Flavia alikuwa na mdogo wake, Jilala, aliyekuja kutoka Nzega kutafuta kazi baada ya Urambo kufungwa. Kule Urambo aliendesha matrekta na malori makubwa ya kubeba magogo. Alikuwa kijana mrefu, mchangamfu, na aliendesha gari kama vile barabara ingefungwa nyuma yake. Damas alishawahi kupanda naye mara moja, akateremka kabla ya kufika. Tangu hapo shemeji yake hakuruhusiwa kugusa hata mlango wa lori.

Flavia hakumwuliza mumewe. Alichukua ufunguo kwenye shati lililotundikwa, akampa mdogo wake.

"Nenda na urudi," alimwambia. "Na uliangalie oili."

Damas alijua siku ya pili, homa ilipomwachia kidogo na akauliza mbona hasikii mtu akiosha gari.

"Jilala ameenda nalo Sikonge," Flavia alisema. Alikuwa akichambua mchele mlangoni, hakuinua kichwa.

"Nani kamruhusu?"

"Mimi."

"Mama Nikolaus, unajua anavyoendesha."

"Najua. Najua pia kwamba watu wameacha watoto wao nyumbani, wao wanalala barabarani na asali yao, nawe huwezi kusimama. Ungeamka ungekwenda mwenyewe. Hukuamka."

Damas aligeukia ukutani. Aliliona lori akilini mwake, limepakiwa mpaka juu ya mbao, linanguruma kwenye mchanga wa baada ya daraja la njia ya Sikonge, na mlio ule wa Itigi, wa chuma kutoka ubavuni. Aliusubiri mlio huo siku nzima kana kwamba ungeweza kusikika mpaka Ipuli.

Jilala alirudi jioni ya siku iliyofuata, akiwa ameshapeleka mzigo wote kwa Selemani. Mzigo wote, yaani madebe ambayo Damas angeyagawa safari tatu. Damas alitoka nje kwa kujikongoja, blanketi mabegani. Alitaka kusema mengi, lakini kwanza akafungua boneti. Injini ilikuwa ya moto sana, hewa juu yake ikicheza. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

Oili ilikuwa juu.

"Umeongeza wapi?" alimwuliza shemeji yake.

"Niliongeza kidogo siku ya kwanza, tulipofika. Kurudi sikuongeza."

Damas alikwenda nyuma ya kiti akalitikisa debe. Lilikuwa zito. Hakuamini bado. Pamoja na Jilala alikuwa amekuja mrina asali mmoja, mzee Bundala, aliyekuja mjini kununua nguo za wajukuu, na alikuwa akishuka taratibu kutoka juu ya lori huku akijipangusa vumbi.

"Shikamoo, mzee Bundala," Damas alimwamkia.

"Marahaba. Pole na homa."

"Nimeshapoa. Wewe umekaa huko nyuma njia nzima. Moshi ulikuwaje?"

Mzee alifikiri. "Mimi nakaa juu ya lori lako kila mara. Kila mara nafika nanuka kama taa ya chemli. Leo tulipotoka Sikonge nilikohoa. Huyu kijana anakimbia sana, nilimwomba Mungu. Lakini tulipovuka mchanga nikaona sikohoi tena. Sasa hivi umebaki kidogo tu, wa kama mtu mmoja anayevuta sigara."

Damas akafunga boneti. Maneno aliyoyaandaa kwa ajili ya Jilala yalikuwa bado mdomoni, lakini hayakuwa na pa kwenda. Aliingia ndani, akakaa kitandani. Flavia alimletea uji.

"Limeharibika?" aliuliza.

"Hapana," Damas alisema. "Limepona, nusu."

Asubuhi alijilazimisha kwenda gereji, akapumzika mara kadhaa njiani. Yoramu alimwona akija, akampa kigoda. Damas akamweleza yote kama yalivyotokea: ufunguo, mzigo, mwendo wa Jilala, kijiti cha oili, maneno ya mzee Bundala. Yoramu alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho alikwenda kwenye kabati lake, akatoa ringi mbili. Moja ilikuwa ya injini ile ile kabla ya kufumuliwa, ya kijivu, imechakaa. Nyingine ilikuwa ya akiba, nyeupe, aliyobaki nayo kutoka Urambo. Alizishika moja kila mkono, kama mtu anayepima uzito.

"Hii ya zamani ni chuma laini," alisema baadaye, akiongea zaidi na nafsi yake. "Inasagika upesi, inajitengenezea umbo la silinda yake hata ukiibembeleza. Hii nyeupe imepakwa chuma kigumu juu. Haisagiki kwa kubembelezwa. Inataka ukuta wenye mikwaruzo midogo ili isuguane nao, na inataka isukumwe."

"Isukumwe na nini?"

"Na moto wenyewe. Ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo, moto unaingia nyuma ya ringi na kuibana ukutani. Usipokanyaga, ringi inaelea tu juu ya oili. Oili inaungua pale pale ukutani, inakuwa utandu mgumu kama kioo. Ukishakuwa kioo, basi, ringi haina tena cha kusugua." Akaziweka ringi mezani. "Nami silinda nilizing'arisha mpaka nikajiona uso. Halafu nikakuambia uende polepole. Jeshini tulifanya hivyo kwa zile za kijivu, na zilikubali."

"Nami nikaenda polepole," Damas alisema.

"Nadhani hakuna mtu mwingine Tabora ambaye angelitii hilo vizuri kuliko wewe."

Ilikuwa karibu na utani, lakini hakuna aliyecheka. Damas alitazama vidole vyake.

"Fundi, yale niliyosema siku ile..."

"Tulifungue kwanza," Yoramu alisema. "Tuone kama nasema kweli. Huenda nimekosea mara mbili."

Waliifungua injini kwa mara ya tatu, Damas mwenyewe akishika taa. Walipotoa pistoni, Yoramu aliingiza kidole kwenye silinda ya kwanza, kisha ya pili. Baadhi ya silinda zilikuwa zimeanza kupata rangi ya kijivu iliyofifia, dalili kwamba ringi ilikuwa imezigusa kweli. Nyingine bado zilikuwa na utandu wa rangi ya chai, unang'aa, unateleza kama mgongo wa kambale. "Ndicho kioo chenyewe," Yoramu alisema. Alichukua msasa mkavu wa kukwaruza, akausokotea kwenye kijiti, akaanza kuzungusha huku akipandisha na kushusha, mpaka kuta zote zikajaa mistari myembamba iliyopishana kama ukili wa mkeka. Aliziosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni, akarudia, kwa sababu punje moja ya msasa ikibaki ingemaliza kazi yote. Ringi zilikuwa zile zile nyeupe. Hazikuwa na kosa.

"Sasa," alisema alipomaliza, "halitakiwi kwenda tupu. Hata safari ya kwanza."

Mzigo ulipatikana bila shida. Wamisionari wa Sikonge walikuwa na saruji ya kujengea shule iliyokuwa ikisubiri gari. Waliipakia mpaka springi zikalala. Jilala alikuja, akasimama karibu na mlango wa dereva, akingoja.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Zunguka upande ule," Damas alisema. "Nitaendesha mwenyewe. Wewe utakaa hapo uniambie."

Yoramu akapanda nyuma juu ya mifuko, kitambaa puani, ili autazame moshi.

Walipotoka mjini Damas alikuwa akienda kama kawaida yake. Jilala alijizuia kwa muda, kisha akasema, kwa adabu, "Shemeji, hapa panataka mguu."

Damas akakanyaga. Injini ikanguruma, na mgongo wake ukakakamaa wote. Mguu ulitaka kurudi juu wenyewe.

"Usiachie," Jilala alisema. "Bado. Bado. Haya, achia sasa, liende lenyewe. Sasa tena."

Hivyo ndivyo walivyokwenda: kukanyaga kwenye mwinuko, kuachia kwenye mteremko, kukanyaga tena. Kwenye ule mchanga wa baada ya daraja magurudumu yalizama, lori likavuta kwa nguvu zake zote, na Damas alihisi mtetemo wake kwenye meno. Jasho lilimchuruzika. Aliisikiliza injini kama mtu anayesikiliza mlango katika nyumba ya wagonjwa, akingoja mlio ule. Haukuja. Kilichokuja ni sauti nyingine, nzito na ya sawasawa, iliyozidi kutulia kadiri walivyotoka kwenye mchanga. Jilala hakuwa akiongea tena. Alikuwa ametoa kiwiko dirishani, anatazama miti ya miyombo.

Walisimama kijijini kuongeza maji. Yoramu alishuka, mweupe kwa saruji mpaka kwenye nyusi, akazunguka nyuma ya gari, akaingiza kidole kwenye bomba la moshi na kukitazama.

"Kikavu," alisema.

Hawakuongeza oili siku ile, wala waliporudi na asali. Moshi wa buluu ulikuja kuonekana asubuhi za baridi tu, gari likiwaka, na ulikwisha kabla ya kufika barabara kubwa.

Jumamosi Damas alikwenda kwenye baraza la Selemani wakati madereva wote wapo. Hakuwa mzungumzaji, na watu walishangaa alipokataa kahawa na kubaki amesimama.

"Kuna maneno yalisemwa hapa juu ya fundi Yoramu na ringi zangu," alisema. "Nami niliyabeba nikampelekea. Si kweli. Ringi zilikuwa mpya, na ni zile zile zipo ndani ya gari sasa hivi. Ubaya ulikuwa mwendo wangu, na namna zile ringi zilivyo. Anayetaka kujua zaidi akamwulize fundi mwenyewe, atamweleza vizuri."

Mtu mmoja alitaka kufanya mzaha, Selemani akamkatiza kwa kuagiza kahawa nyingine. Damas aliondoka hapo akaenda moja kwa moja gereji, akamweleza Yoramu alichokisema na akina nani walikuwepo. Yoramu alisema asante. Kisha aliongeza kwamba yale maneno ya siku ile yalimuuma, hasa kwa kuwa yalitoka kwake. Damas alisema anajua. Walikaa wakila karanga za kuchemsha mpaka mteja mwingine alipofika, na siku ya Jumapili Yoramu alikuja kula Ipuli, akimleta mkewe Benedikta.

Kwa Flavia ilichukua muda zaidi. Damas hakuwa amesahau ule ufunguo, naye Flavia hakuwa tayari kuuombea radhi. Mwisho Flavia ndiye aliyelianzisha jambo hilo, siku moja akimshonea kifungo.

"Ningekuuliza ungekataa," alisema.

"Ningekataa."

"Na asali ingeoza barabarani."

"Asali haiozi, mama Nikolaus."

Flavia alikata uzi kwa meno, akamtazama, na Damas ndiye aliyecheka wa kwanza.

Jilala hakukaa. Damas alimpa kazi kweli, safari moja yeye na safari nyingine shemeji yake, na kwa msimu mmoja walifanya hivyo bila ugomvi mkubwa. Kisha malori ya pamba kule Nzega yakamhitaji mtu wa mwendo, naye akaenda kwao. Aliyebaki na njia ya Sikonge alikuwa Damas, aliyekuwa sasa na namna mbili za kuendesha. Likiwa tupu, lori lake bado lilipitwa na baiskeli. Likiwa na mzigo, abiria wa nyuma walishikilia mbao kwa mikono miwili, na hakuna aliyesinzia.